Al-Zahrawi: Mpasuaji aliyejua wakati wa kuweka kisu chini

 

Ndugu msomaji, mambo mawili yamenisukuma kuandika makala haya. La kwanza ni swali la mwanafunzi. La pili ni shingo ya mama yangu mkubwa.

Nianze na swali. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari. Kila mwaka tunapofika kwenye mada ya mchango wa Waislamu katika elimu, nilikuwa na mazoea ya kusimama mbele ya darasa na kutangaza kwa majigambo kwamba Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia, ndiye mtu wa kwanza duniani kuondoa rovu shingoni mwa mgonjwa na mgonjwa akapona, na kwamba jambo hilo lilitokea mwaka 952. Nilikuwa nimelisoma katika vitabu vya historia ya upasuaji, nikalibeba kama lilivyo.

Mwaka mmoja binti aliyekuwa ameketi nyuma akanyosha mkono. Ubaoni nilikuwa nimeandika kuwa al-Zahrawi alizaliwa mwaka 936 au karibu na hapo. Binti yule alikuwa amefanya hesabu ya kutoa. Akauliza, kwa adabu kabisa, kama inawezekana kijana wa miaka 16, wa rika lake yeye, kufanya upasuaji ambao ulikuwa haujafanywa na tabibu yeyote duniani. Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia nitamletea jibu, nikaenda nyumbani nimeinamisha kichwa.

Sisi ambao dini yetu imejengwa juu ya isnadi, ambao hatuipokei Hadithi mpaka tujue nani kaipokea kwa nani, tunapokuja kwenye sifa za wazee wetu tunapokea lolote mradi linatupendeza. Basi nikaamua kukitafuta kitabu chenyewe. Nilikipata katika maktaba ya chuo kikuu: matini ya Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Spink na Lewis, iliyochapishwa London mwaka 1973. Sikukuta humo habari ya mwaka 952. Nilikuta jambo bora zaidi, na ndilo ninalotaka kukusimulia leo.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Jina lake kamili ni Abul-Qasim Khalaf ibn Abbas al-Zahrawi. Huitwa pia al-Ansari, kwa kuwa nasaba yake inarudi kwa Ansari wa Madina, wale waliompokea Mtume (Saw). Wazungu, ambao hawakuweza kulitamka jina lake, walimwita Abulcasis au Albucasis. Jina la al-Zahrawi linatokana na Madinat al-Zahra, mji ambao Khalifa Abdul-Rahman wa Tatu alianza kuujenga mwaka 936, sawa na mwaka 325 Hijria, kilomita chache magharibi ya Cordoba, chini ya milima. Alikua wakati mji huo ukiwa mpya, na Cordoba ikiwa miongoni mwa miji mikubwa ya dunia kwa watu na kwa vitabu. Baada ya Abdul-Rahman alitawala mwanawe, al-Hakam wa Pili, kuanzia mwaka 961 hadi 976. Huyu alipenda vitabu kuliko farasi, na alivitafuta hadi Misri na Baghdad.

Ungetarajia mtu mashuhuri aliyeishi katika mji kama huo awe na maandiko mengi juu ya maisha yake. Hana. Mwaka 1009 ilianza fitina ya Waislamu kwa Waislamu wakigombea utawala wa Cordoba, na mwaka 1010 Madinat al-Zahra ikaporwa na kuchomwa. Mji uliojengwa kwa miaka mingi haukufikisha hata miaka 80. Mawe yake yalikwenda kujengea nyumba nyingine, ardhi ikayafunika yaliyobaki, na ufukuaji wa maana haukuanza mpaka mwaka 1911. Kumbukumbu za watu wake nazo zilitawanyika. Hatujui mama yake alikuwa nani wala watoto wake walikuwa wangapi.

Tulichonacho ni maneno machache ya waliokuja nyuma yake. Ibn Hazm, mwanachuoni mkubwa aliyezaliwa Cordoba mwaka 994, alikitaja kitabu chake kwa sifa. Al-Humaydi, aliyefariki mwaka 1095, aliandika kwamba alikuwa mtu wa fadhila, dini na elimu, na kwamba alifariki Andalusia baada ya mwaka 400 Hijria. Wengi hutaja mwaka 404, yaani 1013. Ikiwa ni hivyo, basi mzee huyu aliuona mji wake ukijengwa na akauona ukiungua.

Lakini aliacha kitabu. Kinaitwa al-Tasrif, na jina lake refu lina maana ya kumsaidia yule asiyeweza kujikusanyia mwenyewe vitabu vya fani hii. Kina sehemu 30, na alikikamilisha karibu na mwaka 1000. Zimo habari za magonjwa, za kuchanganya dawa na za vyakula vya wagonjwa. Sehemu ya 30, ambayo ni ya mwisho, ni ya upasuaji, na ndiyo iliyomfanya ajulikane dunia nzima. Ndani yake alichora kwa mkono zana zipatazo 200: visu, misumeno, koleo, ndoano, sindano, vyuma vya kuchomea. Kila zana aliieleza kazi yake. Kabla yake hatujui kitabu cha tiba kilichoweka michoro ya zana kwa wingi kiasi hicho. Ndani ya kitabu hicho anawaita wanafunzi wake wanangu, kama vile mwalimu wa madrasa anavyowaita wanafunzi wake.

Sehemu hii ya upasuaji haianzi kwa kujisifu. Inaanza kwa malalamiko. Anasema kwamba kazi ya mkono katika tiba imekaribia kutoweka katika nchi yake, na sababu ni kuwa watu wanaishika bila kuujua mwili ulivyoumbwa. Anamtaka anayetaka kushika kisu ajifunze kwanza viungo, mifupa, mishipa, misuli na namna vinavyoungana. Kisha anatoa mifano ya aliyoyaona kwa macho yake.

Mfano wa kwanza ni wa shingo. Alimwona tabibu mjinga akipasua uvimbe kwenye shingo ya mwanamke. Kisu kikakata mishipa ya damu ya shingo. Damu ikamtoka mwanamke yule mpaka akaanguka amekufa mbele ya tabibu wake. Hatuambiwi jina la mwanamke wala la tabibu. Mfano wa pili ni wa mzee aliyetolewa jiwe la kibofu na mtu asiyejua kazi, jiwe likatoka na kipande cha kibofu, mzee akafa baada ya siku kama tatu. Anataja na mwingine aliyetoboa uvimbe wa saratani, ukageuka kidonda kisichofunga.

Niliposoma habari ya mwanamke yule nilikifunga kitabu kwa muda. Nilimkumbuka mama yangu mkubwa, na hapa ndipo linapoingia jambo la pili.

Mama mkubwa aliota rovu angali mama kijana. Kwa miaka mingi sikupata kumwona bila ushungi uliofungwa mpaka chini ya kidevu, hata jua la mchana likiwa kali kiasi gani. Watu kijijini walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ni husda, wengine walisema amekanyaga kago la mtu. Akaja bwana mmoja aliyejiita fundi, akaiambia familia kwamba ndani ya uvimbe ule mna maji machafu, akichanja yatatoka na mambo yatakwisha. Akampiga chale na wembe juu ya uvimbe wenyewe. Maji hayakutoka. Ilitoka damu, usiku kucha, khanga mbili zikalowa. Mwenyezi Mungu alimnusuru, damu ikasimama alfajiri, lakini jeraha lilioza na kumtesa zaidi ya miezi miwili. Yule bwana hakuonekana tena. Tangu siku hiyo mama mkubwa aliapa kwamba mtu mwenye chuma hatamkaribia shingoni.

Basi hebu tuone al-Zahrawi alisema nini juu ya uvimbe wa koo. Ameuwekea mlango wake maalumu. Anasema ni uvimbe mkubwa wenye rangi ya mwili, unaotokea upande wa nje wa koo, na kwamba huonekana zaidi kwa wanawake. Jambo hilo ni kweli hadi leo. Anaugawa mafungu mawili: ule ambao mtu ameumbwa nao na ule uliomtokea baadaye. Wa kuzaliwa nao anasema hauna dawa, usiuguse. Uliotokea baadaye anaugawa tena mara mbili. Mmoja unafanana na vivimbe vya mafuta vilivyo ndani ya kifuko chake, na mwingine unafanana na mshipa wa damu uliovimba. Huu wa pili una hatari kubwa. Wala anayepewa ruhusa ya kukata hapewi kwa uvimbe wa aina yoyote. Kisu kiende kwenye uvimbe mdogo tu, na kabla ya kisu itangulie sindano.

Hapo ndipo nilipopata jibu la kumpelekea yule binti. Al-Zahrawi alikuwa na zana aliyoiita midasi, chuma chembamba cha kuchunguzia, cha ukubwa mbalimbali. Anaelekeza uvimbe uchomwe kwa chuma hicho kwanza ili ijulikane ndani mna nini. Ukionekana ni wa aina ya mafuta na haujashikana na mishipa, hapo ukatwe, utolewe pamoja na kifuko chake, na kama hauna kifuko uondolewe wote bila kubakiza kitu. Ukionekana vinginevyo, tabibu aweke kisu chini.

Ndugu msomaji, tuwe waadilifu. Kuugawa uvimbe wa koo kwa namna hiyo hakukuanza kwake. Asili yake imo kwa Paulo wa Aegina, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 7 aliyefanya kazi Alexandria, na al-Zahrawi alifaidika sana na kitabu cha Paulo. Yeye mwenyewe anasema wazi kwamba elimu yake ameipata kwa kusoma vitabu vya waliotangulia na kwa tajriba yake ya miaka. Alichukua, akapanga, akapima kwa mkono wake, akaongeza. Wala sindano yake haikuwa sawa na ya leo, maana hakuwa na hadubini. Lakini hatua yenyewe ni ileile: chunguza ndani kabla hujakata. Na wanaoandika historia ya kupima uvimbe wa tezi ya shingo kwa sindano humtaja yeye hapo mwanzo kabisa.

Yapo mengine yanayoonyesha alivyoijua shingo. Anasimulia habari ya kijakazi aliyechukua kisu akajikata koo. Aliitwa, akamkuta anakoroma kama mnyama aliyechinjwa, pumzi inatokea kwenye jeraha. Akatazama damu, akaona si nyingi, akajua kwamba mishipa mikubwa haijakatika, ni njia ya hewa tu. Akalishona jeraha upesi na kumuuguza. Msichana akapona, ila sauti yake ilibaki ya kukwaruza. Kutokana na tukio hilo akahitimisha kwamba kufungua njia ya hewa kwa mtu anayekabwa na uvimbe kooni si hatari kama watu wanavyodhani. Mtazame alivyofanya kazi: aliona, akapima, akajenga kanuni juu ya alichokiona.

Na katika saratani alikuwa mkweli zaidi. Anaeleza kwamba ikiwa ni changa, na ipo mahali inapoweza kuondolewa yote kama vile titi au paja, basi iondolewe. Lakini ikiwa ya zamani na kubwa usiikaribie. Kisha anakiri kwamba yeye hajawahi kuponya hata mmoja wa aina hiyo, wala hajamwona aliyeponya. Jamani, huyu ni mtu aliyekuwa akiandika kitabu cha kusomwa na wanafunzi wake. Angeweza kunyamaza. Aliona kuwa kunyamaza ni hiyana, kwa sababu mwanafunzi atakayeamini kwamba mwalimu wake aliponya naye atajaribu, na mgonjwa atakufa.

Ndiyo maana aliwagawia wanafunzi wake upasuaji katika mafungu mawili: ule unaofanywa kwa salama na ule wenye hatari. Akawasihi wasiingie katika wa pili kwa tamaa ya mali au ya sifa, na wasiguse ugonjwa wasioujua.

Mtume wetu (Saw) ametufundisha tujitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hiyo tunaihubiri sana. Ipo nyingine ambayo hatuihubiri vya kutosha, aliyoipokea Abu Daud na wengineo, kwamba anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa elimu ya tiba, huyo atabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Wanachuoni wa fiqhi wamejenga juu yake hukumu za fidia. Al-Zahrawi ni kama mtu aliyeichukua Hadithi ya pili na kuitandaza katika kurasa za kitabu cha upasuaji.

Kitabu hicho kilisafiri. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikifasiri kwa Kilatini huko Toledo, mji uliokuwa wa Waislamu kabla ya kuangukia mikononi mwa Wakristo mwaka 1085. Katika karne ya 14 Guy de Chauliac, mpasuaji mkubwa wa Ufaransa, alimnukuu al-Zahrawi zaidi ya mara 200. Huko Amasya, katika dola ya Uthmania, Sabuncuoglu alikamilisha mwaka 1465 kitabu cha upasuaji kwa Kituruki, msingi wake ukiwa al-Tasrif, akaongeza ya kwake na picha za wagonjwa. Mwaka 1497 tafsiri ya Kilatini ilipigwa chapa Venice, na mwaka 1778 ikatoka Oxford pamoja na matini ya Kiarabu.

Je, historia ilithibitisha hofu yake juu ya shingo? Naam, kwa damu nyingi. Zaidi ya miaka 800 baada yake, wapasuaji wa Ulaya walikuwa bado wanapoteza wagonjwa wengi wa rovu kiasi kwamba mwaka 1850 chuo cha tiba cha Ufaransa kililaani upasuaji huo. Aliyekuja kuufanya uwe salama ni Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, nchi ya milima iliyojaa rovu. Kwa kukata taratibu na kufunga kila mshipa alishusha vifo hadi chini ya mgonjwa mmoja kati ya 100, na mwaka 1909 akapewa tuzo ya Nobel. Huyu naye alikuwa na ukweli wa al-Zahrawi. Mwaka 1883 alitangaza mbele ya wenzake kwamba wagonjwa wake aliowaondolea tezi yote walipona majeraha lakini wakawa wazito wa mwili na wa akili. Kosa lilikuwa lake, naye hakulificha. Kwa kulitangaza, dunia ikajua kwamba tezi ile ina kazi kubwa na kwamba anayeondolewa yote hana budi kupewa badala yake.

Kulikuwa na siri nyingine pale shingoni. Mwaka 1880 mtaalamu wa Sweden, Ivar Sandström, alieleza vitezi vidogo nyuma ya tezi kubwa, kwa kawaida vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Wengi hawakumsikiliza. Baadaye ikajulikana kwamba ndivyo vinavyopima kalsiamu ya damu. Vikiondolewa kwa bahati mbaya mgonjwa hukakamaa mikono na kupata degedege. Navyo vikiota uvimbe hunyonya kalsiamu ya mifupa, mifupa ikadhoofika na mafigo yakafanya mawe. Karibu na vitezi hivyo na tezi kubwa hupita neva za sauti, nyembamba kama uzi, na pembeni ni mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Vyote hivyo vimo katika nafasi isiyozidi upana wa kiganja. Sasa mfikirie yule fundi na wembe wake.

Na sindano ilirudi. Mwaka 1930 Martin na Ellis wa New York walieleza njia ya kunyonya chembe za uvimbe kwa sindano na kuzitazama kwa hadubini. Kisha madaktari wa Sweden wakaifanya kuwa jambo la kawaida kwa kutumia sindano nyembamba. Leo kipimo hicho ni nguzo katika kuchunguza vivimbe vya tezi ya shingo: kwanza damu na picha ya mawimbi ya sauti, kisha sindano, halafu ndipo uamuzi wa kukata au kutokata. Vingi vya vivimbe hivyo si saratani. Na hata vile vya saratani, aina zake za kawaida hutibika vizuri vikiwahiwa.

Sindano hiyo ndiyo iliyomwokoa mama mkubwa. Rovu lilifika mahali likaanza kumbana njia ya hewa, akawa halali chali, anasinzia ameegemea ukuta. Tulimbembeleza aende hospitali. Alikubali kwa sharti moja, kwamba hakuna wembe. Daktari, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, hakubishana naye. Alimwonyesha sindano, akamweleza kwamba anataka kujua tu kilichomo. Majibu yalipokuja kwamba si saratani, mama mkubwa aliuliza swali lake mwenyewe: kama si saratani, kwa nini akatwe? Akaelezwa habari ya njia ya hewa. Alifikiri kwa wiki mbili, akaswali istikhara, akakubali. Alifanyiwa upasuaji, akapona. Kila asubuhi anameza kidonge cha kuziba pengo la tezi. Sauti yake imekwaruza kidogo, na akisoma Kurani baada ya Alfajiri naitambua hata nikiwa uani.

Nimesimulia haya kwa sababu najua wapo mama wakubwa wengine wengi chini ya shungi. Sehemu za nyanda za juu za nchi yetu zimejulikana kwa rovu kwa muda mrefu, na sababu kubwa ni upungufu wa madini joto katika ardhi na chakula. Si husda wala kago. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1990 chumvi yetu ilianza kutiwa madini joto. Mwenye uvimbe shingoni asifiche wala asingoje mpaka ashindwe kulala. Aende akapimwe. Na sisi maimamu, walimu na wazazi tusiwape baraka watu wa wembe, hata wakitanguliza bismillahi. Bismillahi haimfanyi asiyejua akajua.

La mwisho ni letu sisi tunaofundisha na kuandika. Tumezoea kuwataja kina al-Zahrawi kama silaha ya kushindania, kwamba sisi tulianza. Mtu huyu hakuandika ili wajukuu zake washinde mabishano. Aliandika ili mwanafunzi wake asimwue mgonjwa. Kama kweli ni wa kwetu, basi tumrithi katika kazi yake. Tuwasomeshe watoto wetu fizikia, kemia na baiolojia kwa bidii ileile tunayowasomeshea tajwidi, na hasa mabinti, maana wagonjwa wa tezi ya shingo wengi ni wanawake, na mwanamke huona wepesi kumvulia ushungi mwanamke mwenzake. Na tuwafundishe kukiri wasilolijua.

Nilirudi darasani nikamwambia yule binti mbele ya wenzake kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi na mwalimu wake alikosea. Nikafuta ile 952 ubaoni. Kisha nikawasimulia habari ya sindano. Kipindi kilipokwisha alinifuata nje kuniuliza masomo gani yanahitajika ili mtu awe daktari mpasuaji. Nikamtajia. Aliyaandika nyuma ya daftari lake la Dini.